Farasi wa Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Mwaka jana alianguka kutoka juu ya paa la watu akavunjika mguu, akalala ndani miezi mingi. Kazi yake ikawa kucheza gemu kwenye simu, na humo ndani akajipatia farasi jike mweusi mwenye kwato za dhahabu, ambaye wachezaji wengine walimtamani hata wakiwa nchi za mbali. Mimi nilimwita mke mwenzangu. Kila asubuhi nilimuuliza mume wangu kama bi mdogo ameamka salama, naye alijibu bila aibu kwamba ameamka.

Nina saluni ya viti viwili. Draya yangu ilikuwa imezeeka, inaunguza wateja masikio, na uwezo wa kununua nyingine sikuwa nao. Basi siku moja mume wangu akaingia saluni, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, akasema amepata mtu wa kumnunua yule farasi kwa pesa za kweli, zinazoingia kwenye simu. Nikacheka mpaka chanuo likanidondoka. Nani anauziwa farasi asiyekula wala kupiga teke? Lakini bei aliyotaja ilitosha draya, nikaacha kucheka.

Nikachungulia simu yake. Mnunuzi alikuwa anasubiri, na mume wangu yuko humo ndani anamsugua farasi mgongo, taratibu, bila haraka. Nikautazama uso wake. Huzuni niliyoiona ilinichoma. Draya gani hii ya kumliza mtu mzima?

Sisi wafanyabiashara tuna njia yetu. Kitu usichotaka kukiuza hukatai. Unakipandishia bei mpaka mteja aondoke mwenyewe, na heshima inabaki. Nikampokonya simu, nikamwandikia mnunuzi kwamba bei imepanda mara tatu na haipungui hata senti. Mume wangu akanikodolea macho. Nikamwambia atulie, biashara naijua mimi.

Jibu likaja kabla sijamrudishia simu. Mnunuzi amekubali, na pesa ameshatuma.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia na viatu. Nikamsihi mume wangu amrudishie yule mtu pesa zake, tuseme tulikosea. Hapo akacheka yeye.

“Mama watoto, anayetoa pesa yote hiyo atamtunza kuliko mimi.”

Akamwandikia mnunuzi kwamba wakifika madarajani ampunguzie farasi mwendo, maana huwa anateleza. Kisha akabonyeza. Farasi akatoweka kwenye kioo, ukabaki uwanja mtupu. Machozi yakanitoka mimi, niliyemsimanga mnyama wa watu mwaka mzima.

“Sasa unalia nini?” akaniuliza. “Nilimpenda kwa sababu yeye alikuwa anakimbia na mimi nimelala. Siku hizi natembea.”

Akainuka, akauliza ninataka draya ya aina gani. Nikamweleza, nikamwambia achukue pikipiki, maduka yako mbali. Akakataa. Nikasimama mlangoni kumtazama anavyokwenda kwa miguu, polepole, mpaka akakata kona.