Kiwiko cha Caixia

Shangazi Ou, anayeuza uji wa mchele chini ya nyumba yetu hapa mjini Guzhen, anadai taa yake mpya, ya zile za kwanza kabisa kutoka kiwandani, iligoma kuwaka siku tatu. Aliigusa kwa kidole, akaigusa kwa kiganja, mwisho akaizaba kofi. Siku ya nne Wei Caixia alipita kununua uji, mikono yote miwili imeshika bakuli, kiwiko chake kikaigusa kwa bahati mbaya. Ikawaka. Tangu hapo inamtii kila mtu, hata paka.

"Ningejua ningekuita mapema, mwanangu," alisema Shangazi Ou. "Uji wa leo bure. Wa kesho unalipa."

Caixia hakushangaa. Taa ile aliibuni yeye. Kazi yake kwenye kiwanda cha taa ni kuunga nyaya, na mwaka juzi, akiwa anapara samaki jikoni kwake, mikono imejaa magamba, aliwaza taa ya kuwashwa kwa kiwiko. Akaichora nyuma ya boksi, akapima kwa mkono wake mwenyewe: sehemu ya kugusa iwe shubiri moja juu ya meza, pana kama kisahani, na mwanga uongezeke taratibu, usimchome mtu macho. Deng Jiahao, mpwa wa bosi, mwenye shahada, aliichora upya kwenye kompyuta. Cheti cha ubunifu kilipotoka kilikuwa na jina moja tu, la Jiahao. Caixia alikisoma mara mbili, asije akawa amejiruka.

Kwenye maonyesho ya taa Jiahao alipanga taa arobaini, akaigusa moja mbele ya wanunuzi. Kimya. Wanunuzi nao wakagusa. Kimya. Caixia akapita na sinia la chai, akazigusa kwa kiwiko moja baada ya nyingine, zote arobaini zikawaka. Wakapiga makofi, wakaagiza elfu sita.

Kiwanda kikaweka utaratibu. Caixia alipewa stuli pale maboksi yanapofungwa, akawa anaigusa kila taa mara moja kabla haijaingia ndani. Kwenye karatasi ya maelekezo wakaongeza mstari: Taa hii imeshaguswa. Kiwiko kikaota sugu. Wakampa mafuta ya kupaka.

Kiwanda cha ng'ambo ya barabara kiliiiga taa hiyo mpaka skrubu. Zao pia hazikuwaka. Bosi wao, Hu, mtu mnene mwenye utani mwingi, akaja na boksi la biskuti za lozi.

"Dada Caixia, niazime kiwiko nusu saa tu."

"Kaazime cha Jiahao. Cheti si chake?"

Hu alicheka mpaka akashika tumbo. "Acha hizo! Sisi tunaiba, dada, lakini tunajua tumemwibia nani."

Maneno hayo yalimkaa Caixia. Kesho yake, wakati wa chakula, aliandika ombi kwa mwandiko wake wa shule ya msingi: jina lake liongezwe kwenye cheti, hata chini kabisa, hata kwa herufi ndogo. Akalipeleka ofisini kwa Jiahao.

"Nini tena, dada?" Jiahao aliuliza.

"Soma tu, meneja. Ni mstari mmoja."

Mvua ilikuwa imetia giza dirishani. Jiahao akaigusa taa ya mezani, ambayo Caixia alikuwa ameigusa asubuhi, ikawaka vizuri. Akasoma. Akarudia kusoma. Caixia alisimama, mikono nyuma, akingoja.

Jiahao akalisukuma ombi kando, akaigusa taa tena, ikazimika.