Chaja ya Papa

Matanga yalipokwisha, Godelive alimwaga kapu la chaja mezani. Marehemu mumewe, Cyprien, alibandika sparadra, utepe wa gundi, kwenye kila waya na kuandika jina, maana umeme ukirudi nyumba nzima iligombania chaja. Yake mwenyewe Cyprien ilikuwa mbovu, hata ukiikunja haishiki.

“Papa Larissa, simu yako iko inazimika kila saa,” Godelive alizoea kumgombeza mumewe. “Unanificha nini?”

Hata siku ya ajali iliyomuua, njia ya Kamanyola, alimpigia akakuta imezimika, akanuna.

Sasa alibandua sparadra ya chaja yake nzima, iliyoandikwa “Maman”, aandike upya kwa kuwa wino ulififia. Chini yake palikuwa na nyingine, kuukuu: “Papa”.

Ile mbovu, tangu mwanzo, ilikuwa ya Godelive.