Kikohozi Kwenye Giaboksi

Jumatatu saa mbili asubuhi Fundi Sikio alitandika katoni iliyokunjuliwa chini ya lori namba nne, akavua miwani akaitia mfukoni, akalala chali. Mkononi alikuwa na mpini wa ufagio. Ncha moja aliigusisha kwenye giaboksi, ya pili akaiweka sikioni. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiyasikiliza magari ya ghala lile kwa mpini huo, hata hakuna aliyelikumbuka jina lake la kuzaliwa isipokuwa mkewe, ambaye naye alilitumia akikasirika tu.

Juu, kwenye usukani, alikaa dereva mpya. Alikuwa mdogo wake dereva wa zamani, aliyekufa na lori hilo hilo miezi mitatu nyuma kwenye mteremko wa stesheni. Lori lilinyooshwa bodi, likapakwa rangi, na kazi akapewa ndugu wa marehemu. Meneja wa magari alisema hiyo ndiyo rambirambi ya kampuni.

"Washa," alisema Fundi. "Usiingize gia. Sasa kanyaga klachi. Achia. Kanyaga tena, taratibu bwana, huo ni mguu au jiwe?"

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kelele ikianza ukikanyaga klachi, ugonjwa uko kwenye beringi ya klachi. Ikinyamaza ukikanyaga na kurudi ukiachia, ugonjwa uko ndani ya giaboksi. Hii ilinyamaza mguu uliposhuka, ikarudi mguu ulipopanda. Ilikuwa kikohozi. Fundi aliisikiliza mara tano, maana hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Ni ndani ya giaboksi," alisema kutoka chini. "Ni kaka yako."

"Hata mimi nilidhani ni yeye," alijibu dereva. "Alikuwa akikohoa hivyo hivyo akitaka kuingia bafuni."

Waliliinua lori kwa jeki, wakalikalisha juu ya stendi ili magurudumu ya nyuma yazunguke hewani, wakajaribu gia moja baada ya nyingine. Kwenye gia ya kwanza marehemu alisema, "Shikamoo, Fundi, pole na kazi," na Fundi akaitika marahaba, maana salamu ni salamu. Kwenye ya tatu aliuliza kama paa la nyumba yake limezibwa. Kwenye ya nne alikaa kimya, kama alivyokuwa barabarani mwendo ukikolea. Kwenye rivasi alicheka. Enzi za uhai wake yeye peke yake aliweza kulirudisha lori lile nyuma mpaka mlangoni mwa ghala bila kuelekezwa, na alipenda watu waone.

Kwenye ya pili alisema, "Sikusinzia."

Kisha mpini wa gia uliruka wenyewe, na magurudumu yakabaki yakizunguka bila kushikwa na injini. Dereva aliirudisha gia. "Sikusinzia," ilisema sauti, na gia ikachomoka tena. Mara ya tatu Fundi alisema inatosha, zima.

Ofisini kwa meneja kulikuwa na faili, na ndani ya faili kulikuwa na mstari mmoja: *Dereva alisinzia.* Mstari huo ulikuwa umetoka ofisini ukafika mtaani. Shuleni watoto walimpigia binti wa marehemu miayo kila alipopita. Mjane alikuwa ameshakwenda kwa meneja mara kumi na moja, na hakuomba kingine ila mstari ule ufutwe.

Fundi alifungua nati ya chini ya giaboksi. Oili ilitoka kwa uvivu, nzito, ina mabonge ya rangi ya kahawia. Alilisugua bonge moja kati ya vidole viwili. Hakuhitaji kuvaa miwani. Ulikuwa unga wa mbao, na aliyeutia alikuwa yeye.

Ilikuwa hivi. Mwaka uliopita dereva yule aliandika mara tatu kwenye kadi ya kazi kwamba gia ya pili inanguruma na kuchomoka. Wakaguzi walikuwa waje Alhamisi, vipuri havikuwapo, na meneja alitaka lori linyamaze. Fundi alikwenda kwa seremala akachota viganja viwili vya unga wa mbao, akautia giaboksini, na kelele ikaisha. Kwenye kadi aliandika: *Imetengenezwa.* Dereva alifurahi. Kesho yake alimletea Fundi kipande cha sabuni ya kunawia oili, akasema mikono kama ile haifai kuchubuliwa na mchanga. Sabuni hiyo bado ilikuwa juu ya karo la gereji, imebaki kipande chembamba.

Mchana mjane alifika na chupa ya chai, maana shemeji yake alikuwa amemtumia habari. Alimmiminia Fundi kwanza, akasubiri amalize kikombe. Kisha akapanda akakaa kiti cha abiria, akaweka pochi mapajani. Dereva aliingiza gia ya tatu.

"Paa limezibwa?" iliuliza sauti.

"Limezibwa, baba watoto."

"Bati ngapi?"

"Sita. Mdogo wako ndiye aliyepanda."

Dereva alitazama kucha zake. Nyumbani kulikuwa na ndoo mbili sebuleni na sufuria moja kitandani.

"Hapo sawa," ilisema sauti, na magurudumu yakazunguka laini kabisa.

Mjane aliomba asikie na ya pili. Aliweka kiganja juu ya mpini wa gia, akasikia neno, na mpini ukamgonga mkono ukichomoka. Hakuuondoa mkono.

"Nilijua," alisema. "Mtu huyu hata kitandani usingizi alikuwa akiutafuta kwa tochi. Ndio uje kumkuta kwenye mteremko?" Alimgeukia Fundi. "Utaandika?"

"Nitaandika, mwanangu."

Aliandika kwenye kadi ya kazi kwa herufi kubwa, akibonyeza kalamu: *Meno ya gia ya pili yamelika. Gia inachomoka. Nilitia unga wa mbao nilivyoagizwa. Dereva hakusinzia.*

Meneja alikuja mwenyewe gereji. Hakuwa mtu wa kufoka. Alimsalimia mjane, akampa pole kwa mara ya kumi na mbili, akasikiliza gia zote.

"Ndiye," alisema. "Hata akiwa hai alikuwa hivi, akishika neno haliachi." Akasoma kadi, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Lakini Mzee, ripoti haibadilishwi kwa maneno ya giaboksi. Mzigo unatoka kesho saa moja. Linyamazishe."

"Linataka gia mpya, bosi."

"Gia za lori hili hazitengenezwi tena. Linyamazishe."

"Kwa kitu gani?"

"Unakijua. Ulishakitumia." Meneja alimtazama dereva. "Kama huyu kijana ataona tabu kuliendesha, aseme. Nitatafuta mwingine."

Mjane alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza zaidi ya inavyohitajika.

"Tia tu, Fundi," alisema dereva hatimaye. "Afadhali awe na mimi kuliko na mgeni."

Jioni Fundi alikwenda kwa seremala. Safari hii hakuchota na kumwaga. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akauchekecha unga wa mbao kwa kichungio cha chai, kidogo kidogo, akitoa vijiti na vipande vyenye ncha, ili usimkwaruze mtu koo. Aliuchanganya na oili mpya, akautia. Kwenye kadi nyingine, aliyopewa ikiwa tupu, aliandika: *Imetengenezwa.* Halafu akakata ukanda mrefu wa mpira wa tyubu kuukuu, akamwonyesha dereva jinsi ya kufunga mpini wa gia kwenye kiti ukiwa kwenye ya pili.

"Ukifika mteremkoni usiuamini mpira peke yake," alisema. "Shika na mkono."

"Nitashika."

Asubuhi Fundi alikuwa karoni akinawa, ile sabuni imebaki kama kucha. Lori namba nne lilipita mbele yake limejaa saruji. Getini dereva alikanyaga klachi, akaingiza ya pili, akafunga mpira. Chini ya sakafu, ndani ya oili na unga wa mbao, neno lilitoka zito, kama la mtu aliyefunikwa blanketi usoni.

Mlinzi wa geti, aliyekuwa akinywa chai na marehemu kila asubuhi, aligusa kofia.

"Tunajua," alisema.

Akangoja lori lipinde kuelekea mteremkoni, kisha akafungua daftari la geti akaandika kwa mwandiko mzuri: *Lori namba nne. Saa moja kamili. Limetoka. Halina kelele.*