Wembe na Vidonge Vyake

Mtaa mzima ulimwita Wembe, na si kwa sababu ya kazi yake ya kinyozi tu. Ulimi wake nao haukuhitaji kunolewa. Wanaume waliokuja kunyolewa kwake walijua watatoka na kichwa safi na maneno mawili matatu ya kuwatosha wiki nzima, na bado walibanana kwenye benchi wakisubiri zamu.

Waliojua jambo lake jingine walikuwa wachache. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Wembe alimeza kidonge cha kutuliza wasiwasi. Mambo yalianza mchana mmoja akiwa ameshika kidevu cha mteja. Moyo ulienda mbio bila sababu, jasho likamchuruzika mgongoni, kuta zikawa kama zinamsogelea, akaamini kabisa kwamba anakufa. Hakufa. Alimalizia ndevu za upande wa pili akiwa amekaa, akasingizia miguu. Hali ile ikarudi, ikarudi tena, mpaka akawa anaogopa hata kuingiza ufunguo mlangoni. Mumewe, fundi wa mafriji, ndiye aliyempeleka zahanati. Daktari alimsikiliza bila haraka, akamwandikia dawa, na baada ya muda moyo ukatulia.

Halafu yakaja maumivu ya tumbo. Yalimkamata chini ya mbavu za kulia kila alipokula, yakamkunja kama karatasi. Walipompiga picha wakaona mfuko wa nyongo umejaa mawe. Ikaamuliwa utolewe, akapangiwa siku ya upasuaji.

Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuja kushika nyumba mapema. Huyu ndiye aliyemlea fundi tangu mama yao alipofariki, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kujitolea, ila kujitolea kwake kulikuja na amri. Siku ya kwanza alipanga upya vyombo, siku ya pili akapanga upya kabati la chumbani, na huko ndiko alikokutana na vidonge.

Walipokaa kula, wifi alitoa simu. Alikuwa ametafuta jina la ile dawa mtandaoni, na sasa aliwasomea huku kidole kikifuata maneno: miongoni mwa watu wanaoitumia, wapo walioripoti kufanyiwa upasuaji.

"Umeona?" akasema. "Hizi ndizo zilizokupa mawe."

Wembe aliomba simu, akasoma mwenyewe. Waliokuwa wamehesabiwa ni watu waliomeza dawa na pia wakapasuliwa. Kwamba dawa ndiyo iliyowapeleka kisuni, hakuna palipoandikwa.

"Wifi, hawa wote walikuwa wanavaa viatu pia," akamrudishia simu. "Tutembee peku?"

Fundi alicheka, dada yake akamwangalia, kicheko kikakatika. Wifi akaendelea kwamba huko hospitali hayo mambo yasitajwe. Wakisikia ni dawa za kichwa watamwandika kichaa, na jina la mdogo wake litaburuzwa humo humo. Wembe alimjibu kwamba jina la mumewe liko kwenye mafriji, kichwa ni chake yeye.

Asubuhi iliyofuata vidonge havikuwepo. Wembe alikung'uta mkoba, akatoa droo, akapiga magoti kuchungulia uvunguni. Wifi akamsaidia kutafuta, akainua godoro kwa mikono yake mwenyewe. Wembe akadhani ameviangusha njiani, akajipa moyo kwamba siku moja si kitu. Lakini kazi zikambana, zahanati ikawa ya kesho, na kesho ikawa ya keshokutwa. Usingizi ukaruka. Mikono ikaanza kutetemeka, mwanga wa dirishani ukawa unamchoma macho. Ndipo akamkata sikio mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka mingi. Mwalimu hakulalamika. Alibana pamba sikioni, akamshauri afunge duka akapumzike.

Njiani Wembe aliikumbuka simu ya wifi, akafika nyumbani akauliza swali moja tu: vidonge viko wapi? Fundi alikuwa na friji la mtu uani, akainamia skrubu kana kwamba hakusikia. Aliyejibu ni dada yake.

"Nimezimwaga chooni. Ukipona utanishukuru."

Wembe alivaa viatu vyake akatoka, akaenda moja kwa moja zahanati.

Daktari wa zahanati alishtuka. Alimweleza kwamba mwili uliozoea dawa ya aina ile hauachishwi ghafla, mtu anaweza hata kupata kifafa, na kwamba daktari wa usingizi lazima ajue kila kitu kabla ya kumlaza mezani. Wembe akamuuliza kuhusu habari ya mtandaoni. Daktari akasema anayemeza dawa hizi naye huumwa nyongo, huumwa kidole tumbo, hujifungua, na hupasuliwa kama watu wengine. Yeye hajui ushahidi wowote kwamba zinaleta mawe. Tangu hapo vidonge vipya vikahamia kwenye sidiria, mahali ambapo wifi asingepanga upya.

Siku ya kuonana na daktari wa usingizi walikwenda wote watatu. Chumba kiligawanywa kwa mapazia, na nyuma ya pazia wagonjwa wengine walisubiri kwenye viti vya chuma. Daktari, mwanamke mfupi aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, aliuliza kama kuna dawa yoyote anayotumia kila siku.

"Hana dawa, daktari," wifi akawahi. "Mzima kabisa, ni nyongo tu."

Wembe aliingiza mkono kifuani, akatoa vidonge, akaviweka mezani.

"Natumia hivi. Vya wasiwasi, kila siku. Juzi juzi hapa nilikatiza, kwa sababu vilimwagwa."

Nyuma ya pazia mazungumzo yalikoma. Wifi akamnong'oneza ashushe sauti, watu wanasikia.

"Sikuviiba, wifi. Nishushe sauti ya nini?"

Daktari alivaa miwani yake, akauliza vilimwagwa na nani. Wembe alikuwa ameshafungua mdomo, lakini mumewe akamtangulia.

"Dada alivimwaga. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Wifi alichukua mkoba wake akatoka, na jioni hiyo alihamisha nguo zake. Daktari alimshukuru Wembe kwa kusema, kisha akaahirisha upasuaji mpaka mwili utulie. Njiani fundi aliomba msamaha, akaomba tena walipofika mlangoni. Wembe akamwambia msamaha ataupata, ila si leo.

Siku ya upasuaji ilipofika, hofu ilikuja licha ya kidonge, ikamkuta kwenye kitanda cha magurudumu. Hakuificha. Alimwambia yule daktari mfupi kwamba anaogopa. Daktari akajibu kuwa anajua, na amejiandaa kwa ajili hiyo. Wembe alizinduka mdomo umekauka na tumbo linauma, lakini yuko hai, na neno lake la kwanza lilikuwa kumwambia mumewe kwamba amejinyoa ndevu vibaya.

Habari za vidonge zilimtangulia dukani. Wapo waliohamia kwa kinyozi mwingine, akawaacha waende. Mwalimu mstaafu alirudi na sikio lake lililopona. Mteja mmoja akatania kwamba anaogopa kunyolewa na mtu anayemeza vidonge.

"Ogopa siku ambayo sijameza," Wembe akamjibu, benchi zima likaangua kicheko, na yule bwana akaketi kwenye kiti.

Fundi alitaka aende kumsalimia wifi, kwa kuwa yule ndiye mkubwa. Wembe alikataa. Kinyongo hana, alisema, ila wa kufunga safari si yeye.

Jumamosi moja wifi akatokea dukani na sufuria imefungwa kwa kitambaa. Alisimama kizingitini, akasema ni chakula cha mgonjwa. Wembe alimshukuru, akamkaribisha akae huku yeye akimalizia kichwa kilichobaki. Wifi akauliza kwa sauti ya chini kama bado anazitumia zile dawa.

"Ndiyo. Hata leo asubuhi," Wembe akasema, kwa sauti yake ya kawaida.

Wifi alishusha pumzi, akajibana kwenye benchi katikati ya wanaume, sufuria mapajani. Alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Wembe aliona kila kitu kwenye kioo. Hakumsaidia kutafuta maneno ya kuomba msamaha, aliendelea kunyoa.