Sululu Hawajapita

Mti wetu ulikatwa baada ya kuombwa radhi. Mkuu wa kijiji, Mzee Pan-sok, aliumwagia mizizi pombe ya mchele, akaivua ile kamba ya majani ya mpunga tunayoufungia kila mwaka mpya, akainama mara mbili, kisha akawapisha wenye misumeno. Kana kwamba ukimsalimia mtu vizuri unaruhusiwa kumchinja! Malori yalitaka njia ya kwenda kulifukia bwawa la zamani la chumvi, nyuma ya mti, ijengwe hoteli.

Mkewe, Ok-bun, aliukumbatia mti mpaka wakambandua.

"Maji yakijaa, ndege wapumzike wapi? Kichwani kwako?" alimfokea.

"Wana mabawa, mama. Dunia pana."

"Na sisi tulio topeni je?"

Mzee alijua. Sisi wanawake huchimba chaza maji yakitoka, mbali kabisa na nyumba. Yakianza kurudi, sululu, ndege wa midomo mirefu wanaokula kule mwisho wa tope, huinuka, hupita juu ya vichwa vyetu wakilia, kwenda kutua bwawani. Wakipita, tunafunga ndoo. Kalenda ya maji ipo ukutani kwa kila mtu, lakini ukishainamia tope saa husahaulika. Ndege ndio walikuwa wakitukumbusha, hata kwenye ukungu.

Baridi ilipokaribia, sululu walifika kutoka kaskazini kama kawaida. Maji yalipojaa walizunguka juu ya kifusi, wakaenda kutua ng'ambo ya ghuba. Niliwaona, nikaogopa, nikaenda zangu kupika.

Siku ya ukungu tulitoka wachache. Ok-bun, fundi kuliko sote, alitangulia mbali, ng'ambo ya mkondo. Nilikuwa nasikia jembe lake tu. Kisha vijito vilivyokuwa vikitiririka kwenda baharini vikasimama, vikageuka.

"Dada! Turudi, maji hayo!"

"Acha woga, Mama Jae-gu! Huku chaza ni wa kuzoa. Sululu hawajapita."

"Wapite waende wapi? Bwawa si limefukiwa!"

Jembe likanyamaza.

"Eh," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kweli jamani."

Mazoea yana taabu. Yeye aliyelilia bwawa kuliko wote ndiye masikio yake yaliyokuwa bado yakilingoja.

Nilisikia miguu yake ikichomoka topeni kwa haraka. Nikaita, akaitika. Nikaita tena, akaitika kutoka upande wa bahari. Mkondo uliokuwa kati yetu ulishanifika kiunoni. Wenzangu wakanishika mikono, wakanivuta, huku nikiwatukana.

Ufukweni Mzee Pan-sok alikuwa amesimama kando ya kisiki, akigonga upatu wa shaba ili mkewe afuate mlio. Maji yalikuwa yameufunika uwanda wote. Nilitaka kumrukia. Nilipouona uso wake nikashindwa.

Ndipo juu yetu, ndani ya ukungu, tukasikia sululu. Kundi lililopotea lilizunguka juu ya kifusi likilia, likitafuta maji ya bwawa.

Mzee akashusha nyundo, akanigeukia, uso umemng'aa.

"Umewasikia, shemeji? Hao wamepita. Sasa anafunga ndoo yake, anakuja."

Akaendelea kugonga.