Mkono Uliotoka Ukutani

Kibwana alirudi Kinole na sanduku la dawa ya chanjo, cheti chenye mhuri wa serikali ya Wadachi, na mikono iliyochubuka. Cheti nilikisifu baadaye. Kwanza nilimuuliza mikono imekuwaje, akasema ni sabuni.

Alipokwisha kunywa uji ndipo akasema kweli. Walikuwa vijana wanane waliochukuliwa kujifunza kazi ya hospitali mjini Morogoro, na mafunzo yalikuwa ya miaka miwili. Mwezi wa tano wa mafunzo ndui ikaingia mjini. Masomo yakakoma. Wakapewa kazi ya kubeba wagonjwa, kuchoma mikeka na kuchimba makaburi, hadi mwaka ukaisha. Kisha wakapangwa mstari, wakagawiwa vyeti, kila mmoja akaambiwa aende kwao kuchanja watu. Rafiki yake Stefano alikiacha cheti juu ya benchi akatoroka. Kibwana hakutoroka, lakini usingizi ulimkimbia, na kila alipogusa kitu alinawa.

"Unajua nimechanja watu wangapi, mama? Watatu. Na mwalimu alinishika mkono."

Nami nilikuwa nimewaambia wanawake wote wa sokoni kwamba mwanangu ni daktari.  Nikamwambia avae kanzu safi, maana ndui ilikuwa imeshafika kijiji cha chini yetu, na watu walikuwa wanakusanyika uani kwa mjomba wake.

Kaka yangu Yunusi ndiye mkubwa wa ukoo wetu, na kwa sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Alijitolea kuchanjwa wa kwanza. Kisu cha kuchanjia kilitetemeka hata nikakiona kutoka nilipokaa. Yunusi akamuuliza mpwa wake kama anachanja au anaandika barua. Watu wakacheka, Kibwana hakucheka. Aliendelea mmoja mmoja, jasho likimtiririka, macho yote yakiwa usoni pake. Baadhi waliitazama ile mikono wakaondoka kimyakimya. Adhuhuri akafunga sanduku, akasema kwetu amemaliza, kesho anapanda kijiji cha juu.

"Nyumba yangu ina watu wangapi?" nikamuuliza.

"Wewe na mimi."

"Na Mwaisha?"

 Mwaisha ni mdogo wake. Alikuwa mwali, amevunja ungo na kuwekwa ndani tangu mavuno yaliyopita. Mwali haonwi na mwanamume, hata kaka yake, wala hatajwi mbele ya wanaume mpaka siku ya ngoma ya kumtoa. Mgeni angeuliza nani yumo ndani. Mwanangu, kwa kuwa ni wa hapa, hakuuliza. Nikahesabu nyumba za jirani: wasichana wengine sita walikuwa wamerukwa vivyo hivyo.

Nikaenda kwa Yunusi, nikamwambia Mwaisha achanjwe. Akajibu kwamba mwali hatoki kabla ya siku yake na mwanamume haingii chumbani kwake. Nikamwambia ndui haitabisha hodi. Hilo alilijua, na nilimwona limemwingia, lakini akasema hatakuwa yeye wa kuvunja alichoachiwa na wajomba zake.

"Hatoki, na haingii mtu," nikasema. "Ni hayo tu, kaka?"

"Ni hayo tu."

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Kibwana alete sanduku, nikachukua jembe, nikaubomoa ukuta wa chumba cha Mwaisha pa kutosha mkono kupita. Fito mbili nilizikata kwa panga. Nikaingia ndani, nikamfunika binti yangu kaniki mpaka utosini, nikamwambia apitishe mkono wa kushoto. Nilipotoka nje, Kibwana alikuwa amepiga magoti mbele ya tundu, na mjomba wake, aliyekuja kwa mshindo wa jembe, amesimama nyuma yake.

"Mama, nikikosea?"

"Utarudia. Huo ni mkono tu, hauna macho ya kukutazama. Fanya kazi."

 Akaufuta kwa kitambaa, akadondosha dawa, akakwaruza mara nne. Mimi nilikuwa natazama kisu. Hakikutetemeka.

Mwaisha hakuruhusiwa kuzungumza na kaka yake, basi akasema nami kutoka ndani: nimwambie huyo daktari vidole vyake ni baridi kama chura. Kibwana akacheka, mara ya kwanza tangu arudi.

Yunusi akaupima upana wa tundu kwa kiganja. Akasema kwake kuna wasichana wawili, na kwamba jembe lake ni kubwa kuliko langu. Kabla jua halijazama, kuta saba kijijini zilikuwa na matundu, na wale walioondoka asubuhi walikuwa wamerudi wenyewe kupanga mstari.

Siku ya nane Kibwana alishuka kutoka kijiji cha juu kukagua. Mkono ukatoka ukutani una vipele vinne vimejaa maji, kama inavyotakiwa chanjo ikishika. Akaniambia huko juu hakufungua sanduku kabla ya kumuuliza kila mama ana watu wangapi, na wangapi wamo ndani. Usingizi umeanza kurudi, alisema, ingawa si wote. Ngozi ya mikono ilikuwa imeota, isipokuwa vidoleni.

Ndui ilipita kwetu mwezi uliofuata. Ilichukua watu wawili, wote waliokataa kuchanjwa. Baada ya mavuno wasichana saba walitolewa ndani, wakabebwa mabegani huku ngoma zikilia, na kila mmoja alikuwa na makovu manne kwenye mkono wa kushoto. Tundu nilikuwa nimeshaliziba, maana panya walianza kulizoea.

Juzi wanawake wa sokoni waliniuliza yule daktari wangu yuko wapi siku hizi. Nikawaambia yuko Matombo, anachanja. Safari hii sikuongeza chumvi.