Jambia Lililooshwa

Daktari alishatuambia tumpeleke Baba nyumbani akapumzike, lakini Baba alikataa kufa. Kila asubuhi, kabla ya kukubali kijiko cha kwanza cha uji, aliuliza, "Limepatikana?" Kaka yangu Tjoe Bing aliinamisha kichwa, kwa hiyo jibu lilibaki kwangu: "Bado, Baba." Hapo alifumba mdomo, uji ukapoa.

Alikuwa akiulizia jambia la nyumba yetu. Ubapa wake ulifuliwa na Wajava, mpini ukachongwa joka na fundi wa Kichina wa hapa hapa Lasem, mji wetu wa pwani ya Java, na ala yake ilikuwa nyekundu yenye maua ya kutiwa dhahabu. Mwaka ule nyumba za Wachina zilipopekuliwa na askari, sisi tukiwa wachanga, Baba alimpa rafiki yake Haji Sarkum amfichie. Haji akafa, wanawe wakatawanyika, jambia likapotea. Na Baba alikuwa amemwapia mama yake kwamba halitatoka mlangoni.

"Nitamwambia nini Mama nikifika huko?" alikuwa akilia, mzee mzima. Hakuna kitu kibaya kama kumwona baba yako anaogopa kuchapwa na marehemu.

Ndiyo maana Bing akawa mkusanyaji. Watu walidhani ni anasa. Anasa gani! Alizunguka masoko yote ya pwani, akarudi na mapanga yenye vichwa vya simba, visu vya Palembang vyenye ndege wa fedha kwenye ala, majambia yenye majoka ya kila namna, yote ya zamani, yote si lenyewe. Mkewe alichoka akaenda zake. Mimi naye tulikosana mara kadhaa. Nilimwambia wazi, "Kaka, chuma hakikupikii wala hakikuziki."

Kisha ikaja habari kwamba kuna mkusanyaji mwenzake kule mjini Solo, Pak Hardjito, yaani Bwana Hardjito, ana jambia la Kilasem. Tulikwenda wote wawili. Pak Hardjito alipofungua kitambaa, harufu ya udi ilinipiga puani. Ubapa ulikuwa mweusi, unanata kama sufuria ya kuni.

"Hili lilitoka kwa wajukuu wa haji mmoja wa kwenu," alisema. "Sarkum, nadhani."

Bing alilisogelea. "Niuzie, Pak."

"Nikuuzie? Umefunzwa wapi wewe? Jambia haliuzwi kama samaki. Linaposwa. Sema mahari."

"Taja wewe."

"Vyote ulivyonavyo. Mapanga, visu, vyote." Akacheka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mdogo wangu."

"Kaka, hata binti wa sultani hana mahari hiyo!" nikamwambia.

"Nyamaza, Lan. Tuma gari, Pak, lije livichukue."

Basi nyumba ya Bing ikabaki kuta tupu, na jambia likawa letu. Nilimwona kaka yangu akicheka, kitu nilichokuwa nimekwisha kukisahau.

Lakini huku Java jambia lililoposwa haliingii nyumbani bila kuogeshwa, na Bing alikuwa mtu wa desturi kuliko Wajava wenyewe. Alililoweka kwenye maji ya nazi, akalisugua kwa ndimu hadi weusi wote ukamwagika uani, kisha akalipaka ile dawa yenye sumu wanayotumia mafundi kuamsha michoro ya chuma. Mistari ikatokeza, myeupe, laini, inapendeza kweli. Hata mimi niliyevichukia vyuma vyake nilisimama kutazama.

Tukampelekea Baba. "Limepatikana!" nilipiga kelele tangu mlangoni.

Macho yake yalikuwa yamekufa kwa mtoto wa jicho, lakini aliketi mwenyewe, bila kuinuliwa. Akapapasa joka, akatabasamu. Akapitisha kidole gumba kwenye ubapa. Tabasamu likapungua. Akaunusa.

"Ndimu," alisema.

"Nimeliosha, Baba," Bing alijibu kwa fahari.

"La kwetu halioshwi. Lilikaa wazi juu ya chetezo tangu babu wa babu yangu. Ule moshi ndio sala zao wote. Mama alikuwa hata vumbi hataki lifutwe."

Bing alinitazama. Sijawahi kuona uso wa namna ile, na naomba nisiuone tena. Hakuna aliyetuambia. Baada ya mwaka ule wa upekuzi, mambo ya madhabahu ya mababu hayakuwa yakizungumzwa mbele ya watoto, kwa hofu.

"Baba, ndilo," alisema. "Lilikuwa jeusi. Lilinuka udi. Nimeutoa moshi mimi, kwa mikono hii, asubuhi ya leo!"

"Kweli, Baba," nikasema. "Ndimu nilikata mimi. Joka si umelishika mwenyewe?"

"Joka! Kila nyumba ya Lasem ilikuwa na joka." Akampapasa Bing shavuni, akakuta machozi. "Usilie, mwanangu. Najua mnanihurumia, mnataka niende kwa amani. Lakini usijisingizie. Mtoto niliyemzaa mimi hawezi kuliosha jambia lile."



Baba akalitia jambia kwenye ala, taratibu, kama kitu cha watu, akamrudishia Bing.

"Lirudisheni kwa wenyewe," alisema. "Huenda nao wana mzee anayelisubiri."